Udi wa Mama au Taa Mpya? Matumbawe Yanapauka, Sebule Imegawanyika

Shangazi, assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Muscat. Asili yetu Unguja. Mimi nimezaliwa Ng'ambo na kuolewa huku. Najua barua nyingi unazozijibu katika safu hii ni za paka, kasuku na kuku, lakini kwangu kumezuka ugomvi wa kitu ambacho shoga zangu nikiwaambia wanadhani nawatania. Ugomvi wa matumbawe.

Mume wangu ana tangi la maji ya chumvi sebuleni, lita 400 na kitu, lenye samaki wachache na matumbawe hai. Tangu apunguzwe kazi mwaka jana, tangi hilo ndiyo ofisi yake. Asubuhi anapima maji, jioni analisha, usiku anavuta kiti analitazama. Ana daftari la kuandikia kila kipimo. Mimi sikuwa na neno, bora mtu awe na shughuli kuliko ashinde na simu. Na kusema kweli lilipendeza. Wageni wakija walikuwa wanaliendea kabla hawajanisalimu.

Baada ya Idi ndogo mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja. Mama yangu alikuja kukaa nasi kwa matibabu ya macho, na mume wangu akanunua taa mpya ya tangi. Zile za zamani zilikuwa mirija mirefu. Hii ni ya LED, inaongozwa kwa simu, na mwanga wake ni wa buluu. Riyali 260, kutoka kwenye kiinua mgongo, na mimi mashine yangu ya kufulia inavuja tangu Rajabu. Lakini hilo tuliache.

Mama ni mtu wa udi. Kila magharibi lazima chetezo kizunguke nyumba nzima, na usiku wa kuamkia Ijumaa ndiyo usiseme.

Haukupita muda matumbawe yakaanza kupauka. Lile la matawi, analoliita Acropora, lilikuwa la kijani lenye ncha za zambarau. Sasa upande wa juu umekaribia kuwa mweupe, ila sehemu za chini zilizojificha kivulini bado zina rangi yake. Jingine, pana, lilikuwa jekundu. Limekuwa waridi hafifu, na ukingoni jeupe kabisa. Yale laini yaliyo chini karibu na mchanga hayana tatizo. Samaki wanakula. Kamba wetu wawili, wale wenye mstari mweupe mgongoni, wapo. Mmoja kajivua gamba wiki iliyopita, mwanangu akadhani amekufa akaangua kilio.

Mume wangu ameshakata shauri: ni moshi wa udi. Akinibishia ananifungulia daftari. Joto 26, chumvi 35, ualkali 10.8, kalsiamu 430, nitrati 0, fosfeti 0. "Maji hayajawahi kuwa safi hivi," ananiambia. Wiki ileile ya taa aliweka pia zile chembechembe nyekundu za kunyonya fosfeti. Kwa hesabu yake, maji ni safi, taa ni mpya na ya gharama, kilichobaki ni chetezo cha mama.

Nilimwambia taa nayo ilikuja siku zilezile. Akanijibu kwamba mimi sijui kitu, nasema hivyo kwa ajili ya mashine ya kufulia. Shangazi, labda kuna ukweli kidogo hapo.

Mama amesikia. Hakusema neno, ila jana aliulizia bei ya tiketi ya kurudi, na macho hayajamaliza kutibiwa. Mume wangu naye amemwagiza ndugu yake, anayekuja kutoka Unguja mwezi ujao, amletee vipande viwili vitatu vya matumbawe hai kwenye sanduku ili ajazie pengo.

Nimwambie mama aache udi ili nyumba itulie? Nishikilie kwamba ni taa? Au nimwambie mume wangu auze tangi lote tupumue?

Mke wa mwenye tangi, Muscat

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya matumbawe na ya pili kwa ajili ya mama yako. Nikikuelewa vizuri, mna vitu vilivyopauka, na mna watu watatu ambao kila mmoja anaogopa kuwa yeye ndiye atakayebebeshwa lawama. Mume anaogopa kwamba fedha za kiinua mgongo zimenunua hasara. Mama anaogopa kuwa mzigo kwa mkwewe. Wewe umekaa katikati na ndoo ya maji ya kufulia. Wote watatu mnatafuta mwenye kosa, na matumbawe hayajapata mtu wa kuyatazama kwa utulivu.

Basi tuyatazame. Ile rangi ya hudhurungi au kahawia iliyo ndani ya tumbawe si ya tumbawe lenyewe. Ni ya mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, ni mpangaji anayelipa kodi kwa chakula: anatumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa anampa mwenye nyumba. Rangi za kijani, zambarau na nyekundu anazozipenda mumeo ni za tumbawe lenyewe, na nyingi huongezeka linapojikinga na mwanga. Mwani ukizidi, tumbawe linakuwa kahawia na rangi nzuri zinafunikwa. Mwani ukipungua au ukitoka, linapauka mpaka unaona mfupa mweupe kupitia nyama. Mambo haya mawili yana sababu zilizo karibu kupingana. La kahawia mara nyingi limekosa mwanga, au maji yana nitrati na fosfeti nyingi. Lililopauka mara nyingi limezidiwa na mwanga au joto, au linaona njaa. Kwa hiyo neno "yameharibika rangi" halitoshi. Yenu yamepauka, na hicho ni kidokezo cha kwanza.

Cha pili umekitaja bila kukipa uzito: juu peupe, kivulini rangi ipo. Moshi unaoyeyuka majini hauchagui upande wa tawi. Joto likizidi huweza kupausha zaidi panapopigwa na mwanga, lakini daftari linasema 26, wala sina sababu ya kutoliamini. (Mwaka 1998, bahari ya Hindi ya magharibi ilipopata joto, matumbawe yalipauka kwa eneo kubwa, pwani yetu ikiwemo, hiyo si hali ya tangi lenye joto la 26.) Kinachojua juu na chini ni mwanga. Taa za mirija humwaga mwanga kwa upana na upole. Za LED huulenga, na jicho letu halioni ukali wa buluu kama tumbawe linavyouona. Mtu anafunga taa mpya, anaona chumba kina mwanga uleule, kumbe matawi ya juu yanapokea mara mbili ya yaliyozoea.

Lakini usikimbie na ushindi, mwanangu, nakuona umeshasimama. Kwanza, sehemu ya mabadiliko mnayoyaona huenda ni ya macho tu. Tumbawe jekundu chini ya taa ya buluu halionekani jekundu lilelile, hata kama halikupatwa na kitu. Mchana, zimeni taa ya tangi, mulikeni kwa tochi nyeupe ya kawaida, kisha linganisheni na picha za zamani mkijua picha hizo zilipigwa chini ya taa nyingine.

Pili, kuna zile sifuri mbili. Mumeo anazionesha kama cheti cha usafi. Mimi zinanitia wasiwasi kuliko kitu chochote katika barua yako. Nitrati na fosfeti ni uchafu zikizidi, lakini ni chakula pia, na mwani ule wa ndani hauwezi kuishi bila fosforasi, ambayo huipata kwenye fosfeti. Wafugaji wengi wa matumbawe magumu hujitahidi kubaki na kidogo: fosfeti baina ya 0.03 na 0.1, nitrati 2 mpaka 10 hivi, miligramu kwa lita. Mwaka 2013 watafiti wa Southampton, Uingereza, walionesha kwamba matumbawe yanayopungukiwa fosfeti huku nitrojeni (ile iliyomo kwenye nitrati) ikiwa nyingi hupauka kwa urahisi zaidi mwanga na joto vinapozidi. Kwenu vyote viwili ni sifuri, si hali ileile, ila somo la fosfeti linabaki: tumbawe lenye njaa halistahimili taa kali. Sasa hesabu mwenyewe. Wiki moja, taa yenye nguvu imeingia na chakula kimeondolewa.

Juu yake weka ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia uasidi, wa 10.8. Si namba ya kutisha peke yake, lakini katika maji yasiyo na nitrati wala fosfeti wengi wameona ncha za Acropora zikiungua kwa kiwango hicho, ndiyo maana wenye maji ya namna hiyo hupenda kukaa karibu na 8. Ule ukingo mweupe wa tumbawe pana, kama unaendelea kukua na hauna jeraha, huenda ni mfupa mpya tu. Kama nyama imerudi nyuma, ni habari nyingine.

Tatu, udi. Ningependa kukuambia kwamba udi hauna hatia kabisa, kwa sababu na mimi nyumba isiyofukizwa naiona haijafagiwa. Siwezi. Ile skima inayotoa povu chafu kwenye tangi huvuta hewa ya sebuleni saa zote na kuichanganya na maji. Kilichomo hewani kinaingia: moshi, mafuta ya manukato, na hewa ya kaboni kutoka kwenye makaa ya chetezo na kwenye pumzi zenu. Huko Muscat majira ya joto madirisha hayafunguliwi, kiyoyozi kinazungusha hewa ileile, na hewa ya kaboni ikijaa chumbani pH ya maji hushuka, yaani maji huelekea uasidi. Hilo linapunguza kasi ya tumbawe kujenga mfupa. Kupausha juu tu na kuacha kivulini, hapana, hiyo si tabia yake. Kitu cha hewani ambacho ningekiogopa kweli ni dawa ya mbu ya kupuliza, na hiyo huwaua kamba kabla ya yeyote. Kamba wako kajivua gamba salama. Yule mtoto alilia bure, lakini gamba lile ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya watu wazima wote humo ndani.

Kwa hiyo ukiniuliza nani mkosa, naona taa na njaa vimesimama mbele, chetezo kiko nyuma sana, lakini hakuna aliyeondolewa lawama kabisa. Fanyeni uchunguzi mmoja wa usiku. Taa zikishakaa zimezimwa kwa saa nzima, sogeeni na tochi mtazame tawi lililopauka kwa karibu. Mkiona vikono vidogo vimechomoza kwenye matundu, vyembamba, havina rangi, vikijikunja mwanga ukivigusa, nyama ipo na inawinda chakula. Tumbawe hilo halijafa. Mkiona mfupa mtupu, hasa kuanzia chini kwenda juu, au alama ndogo za duara kama limetafunwa, hapo acheni mazungumzo ya rangi. Hiyo ni nyama kuoza au minyoo bapa inayokula Acropora, na mtu mwenye uzoefu aitwe haraka.

Tuje kwenye njia zako tatu.

Mama kuacha udi. Inaleta utulivu leo hiihii, na sikatai kwamba utulivu una thamani. Hatari yake ni kwamba mume anaweza wiki ileile kupunguza taa kimyakimya, matumbawe yakapona, na udi ukahukumiwa maisha. Au matumbawe yasipone, atafutwe mkosa mwingine, na mama awe ameshapanda ndege. Kuna njia ya katikati: chetezo kiishie vyumbani, milango ifungwe, sebule iachwe. Na mpira mwembamba wa skima utolewe nje kupitia dirisha au tundu la ukutani, ivute hewa ya nje. Mpira huo ni bei ndogo, na faida yake kwa pH ipo hata kama mama hajawahi kuja. Mumeo anaweza kuukubali kwa sababu hiyo tu, bila kushinda wala kushindwa. Ila mama aulizwe, asitangaziwe. Mkwe akimwambia "naomba msaada wako, mama, nina jaribio" si sawa na akimwambia kwa mgongo wa binti yake.

Kushikilia kwamba ni taa. Huenda una haki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ukisema "nilikwambia taa," atasikia "ulipoteza fedha." Taa haina haja ya kurudishwa dukani. Inashushwa nguvu kwa ileile simu, nusu hivi ya ilipo, kisha inapandishwa kidogokidogo kwa wiki nyingi. Taa nyingi za aina hiyo zina mpangilio wa kuzoesha uliokuja nazo. Duka likiwa na kipimo cha mwanga cha kuazima, bora zaidi: Acropora nyingi hutosheka na 200 mpaka 350 za kipimo kile wanachokiita PAR, na kwenye jiwe la juu kabisa ni rahisi LED kuzidi hapo. Hatari ya upande wa pili ni kushusha mno, yakawa kahawia, mkaanza ugomvi mpya.

Zile chembechembe nyekundu nazo zinaweza kupunguzwa au kutolewa, na samaki wakaongezwa chakula kidogo. Yaende taratibu. Matangi yaliyokaa na sifuri huzuka utando wa kahawia wenye viputo, wenye tangi wanauchukia sana, na fosfeti ikirushwa juu kwa siku mbili ni pigo jingine kwa mgonjwa. Ualkali ushushwe polepole vilevile, kwa chumvi yenye ualkali mdogo katika maji ya kubadilisha. Asiingie dukani kutafuta chupa ya "kurudisha rangi." Na kama atafikiria kuweka mkaa mpya wa kuchujia ili kuondoa harufu ya udi majini, ajue mkaa huo huondoa umanjano wa maji, na maji yakiwa meupe zaidi mwanga unapenya zaidi. Aweke kidogo, taa ikiwa imeshashushwa.

Mtajiuliza, je, tubadilishe kimoja kimoja ili tujue mkosa, au vyote pamoja ili tuokoe matumbawe? Wafugaji wenyewe hawakubaliani. Kimoja kimoja kinakupa jibu, na nyumbani kwenu jibu lina thamani yake. Lakini tumbawe lililopauka lina akiba ndogo, na rangi hurudi kwa wiki na miezi, si siku. Mimi ningeanza na taa, kwa sababu ndiyo ya haraka na haina gharama, kisha chakula. Wewe na yeye mnaweza kuona vingine. Chochote mtakachofanya kiandikwe kwenye daftari lilelile, na ningependa ukurasa huo uandikwe kwa mkono wako.

Hilo la mkono wako nalisema kwa sababu. Unaniambia mumeo alipunguzwa kazi, halafu unapita. Mtu aliyekuwa anapima vitu kazini na kuaminiwa, leo kitu pekee anachokipima kinapauka mbele ya mama mkwe. Sijui kama alikuwa anagombana na udi, au anagombana na kuonwa nyumbani mchana na mgeni wa heshima. Unamjua wewe. Kuuza tangi kunaweza kukuletea nafasi sebuleni na riyali za mashine ya kufulia, lakini kabla hujalitaja jiulize asubuhi yake ataipeleka wapi. Na hiyo mashine, mwanangu, iseme siku yake, kwa jina lake, isijifiche nyuma ya taa. Ni dai la haki, nalo lina maji sakafuni.

Mama naye usimwache na hesabu za tiketi. Macho yana tarehe za daktari, matumbawe hayana. Yasemwe hayo mbele yake, na bora yasemwe na mumeo.

Kuhusu sanduku la shemeji sitakuzungusha. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, na Tanzania na Oman zote ni wanachama. Kuyavusha mpaka bila vibali ni kosa, liwe tawi moja au kumi, na atakayesimamishwa uwanja wa ndege ni yeye, si mwagizaji. Tena yangesafiri saa nyingi ndani ya mfuko wa plastiki na kuishia chini ya taa ileile, katika maji yaleyale yasiyo na chakula. Vipande vilivyokuzwa kwenye matangi vinauzwa madukani na karatasi zake, navyo visubiri mpaka haya yaliyopo yapate rangi. Mpigieni shemeji simu mapema, kabla hajaongea na mvuvi.